PIP na ugonjwa unaokuja na kuondoka: hesabu siku zako

Mwenye selimundu, kifafa, lupusi au baridi yabisi hana jibu moja kwa swali "unaweza kutembea?" Jumatatu anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, Alhamisi hafiki chooni bila kushikwa mkono. Kwa anayeomba PIP (Personal Independence Payment, malipo ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu) akiwa England au Wales (Uskoti wana malipo yao), hapo ndipo maombi mengi ya kweli yanapoharibika. Mtu mwaminifu anaogopa kuonekana mwongo, basi anaandika siku zake nzuri tu, na anakosa haki yake.

Sheria haiulizi siku yako mbaya kuliko zote, wala ile nzuri. Kanuni za PIP za mwaka 2013 zinaangalia miezi 12, yaani 3 iliyopita na 9 ijayo, na kuuliza: hali hii inakupata zaidi ya nusu ya siku hizo zote? Zaidi ya nusu ni siku 183. Kila hali ya kushindwa jambo ina pointi zake, na pointi ndizo zinazoamua malipo. Hali mbili zikivuka nusu zote, unapewa yenye pointi nyingi. Isipovuka hata moja, siku za zile zenye pointi zinajumlishwa. Tuseme kwa mwaka una siku 90 ambazo huvuki mita 20 (pointi 12), siku 120 unazoishia kati ya mita 20 na 50 bila fimbo (pointi 8), na siku 155 unazotembea vizuri. Mbili za kwanza ni siku 210, zimevuka nusu, kwa hiyo unapewa ile yenye siku nyingi zaidi: pointi 8. Pointi 8 zinakupa malipo ya kawaida, 12 malipo ya juu.

Bila daftari hesabu hiyo haiwezekani. Anza leo, mstari mmoja kila jioni: "Jumanne. Maumivu ya nyonga 7 kati ya 10. Nimeingizwa bafuni na dada. Sikupika. Nimefika mlangoni, mita 15 hivi, nikakaa." Andika na siku nzuri, kwa sababu ndizo zinazofanya mbaya ziaminike. Mita usizikisie: basi la ghorofa mbili la London lina urefu wa mita 11 hivi, kwa hiyo mita 20 hazifiki hata mabasi mawili. Na kama viungo vinakakamaa asubuhi hadi huwezi kujivalisha, kisha jioni uko sawa, siku hiyo bado inahesabiwa.

Neno "naweza" lina masharti manne: uweze kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Ukipika ugali halafu ukalala kwa muda wa saa tatu kwa maumivu, na chakula cha jioni hukiwezi tena, hukupika "kwa kurudia". Liandike hivyo hivyo kwenye fomu, usitie tiki tu.

Usalama una uzito wa pekee kwa wenye kifafa. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya rufaa za benefiti iliamua kwamba si lazima madhara yawe na uwezekano mkubwa wa kutokea. Ukubwa wake pia unapimwa. Degedege likija mara mbili kwa mwezi bila dalili, hatari ya jiko la moto na beseni la maji ipo kila siku. Hapo usihesabu siku za degedege, eleza hatari ya kila siku.

Barua ya daktari inayosema tu "ana selimundu" haisaidii sana. Omba tarehe za kulazwa, na karatasi unazopewa ukiruhusiwa kutoka hospitali. Andika jina na namba yako ya bima ya taifa kwenye kila ukurasa, tuma nakala, baki na asili.

Kisha simu ya mtathmini, yule anayekuhoji ili kupima maombi yako. Tumelelewa kwamba mgonjwa akijuliwa hali hujibu "sijambo, namshukuru Mungu" hata akiwa kitandani. Mtathmini akiuliza u hali gani, jibu hilo linaweza kuandikwa kama lilivyo. Sema: "Leo ni nafuu. Wiki iliyopita nililala siku nne." Una haki ya kuomba mkalimani na ya kuwa na mtu pembeni.

Fomu inarudishwa ndani ya mwezi mmoja. Ukichelewa kwa ugonjwa, piga simu kabla. Wakikukatalia, una mwezi mmoja wa kuomba waangalie upya, na mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza la rufaa.

Kama viza yako inakataza fedha za umma, usiombe kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji: PIP imo kwenye katazo hilo.

Ukishapata malipo, daftari lisifungwe. Wiki moja ya nafuu haibadilishi kitu, lakini dawa mpya ikipunguza siku mbaya kwa miezi mfululizo, DWP (idara ya serikali inayolipa PIP) wanatakiwa kuambiwa, na vivyo hivyo hali ikizidi kuwa mbaya.