Kufufua injini ya Crosley ya 1941: uzoefu wangu

Wengi wanaponunua Crosley, gari dogo la Marekani, la miaka ya Vita Kuu ya Pili hukimbilia rangi na turubai la paa. Mimi nilianza na mabati yaliyofunika injini, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama gari hili litatembea au litabaki pambo.

Injini ni Waukesha ya silinda mbili zilizolala zikitazamana, na inapozwa na hewa tu. Feni haikai peke yake; imeungana na gurudumu la injini, yaani flaiwili. Hewa inayosukumwa haifiki kwenye mapezi ya silinda (mabawa membamba yanayotoa joto) mpaka mabati yaielekeze. Bati moja likikosekana, au panya wakijenga kiota ndani, silinda ya upande huo huunguza mafuta na pistoni hukwama. Nilikuta uchafu umeziba mapezi karibu nusu ya kina chake. Niliuchokoa kwa mti mwembamba, nikasugua kwa brashi ya nailoni na mafuta ya taa. Chuma kigumu usikitumie, kinavunja mapezi.

Kukwamua pistoni kulihitaji akili kidogo. Dawa inayojulikana ni asetoni na mafuta ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Lakini silinda hizi zimelala: ukimimina dawa kupitia tundu la plagi, inalowesha upande wa chini tu. Nilitoa injini nje, nikaisimamisha ili silinda moja itazame juu, nikamimina, nikaacha siku chache, kisha nikaigeuza upande wa pili. Dawa ikishuka haraka, huenda si kwamba inapenya kwenye ringi za pistoni. Valvu inaweza kuwa wazi na dawa inavuja. Hakikisha kwanza valvu za silinda hiyo zimefunga. Asetoni inawaka upesi, kwa hiyo fanyia kazi hii nje. Wakati wa kuzungusha, tumia spana kwenye nati ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Ukiweka mtaimbo kwenye mapanga ya feni utavunja panga, na flaiwili itakosa mizani.

Kabla ya kuagiza pistoni au krenki, pima. Magari ya 1939 na 1940 yana silinda ya kipenyo cha inchi 3 na mwendo wa pistoni wa inchi 2.75, jumla kama cc 637. Kuanzia 1941 mwendo ulifupishwa kuwa inchi 2.5, ikawa kama cc 580 na nguvu farasi 12. Kwa nje injini hizi zinafanana, na wauzaji huzichanganya. Silinda zangu zilikuwa na mikwaruzo ya kutu, zikapelekwa kwenye leithi kukatwa ovasaizi, yaani kuongezwa kipenyo kwa inchi 0.020. Mwanya kati ya ncha za ringi niliuweka milimita 0.35. Kanuni ya kawaida kwa kipenyo hiki ingetoa 0.30, lakini injini inayopozwa na hewa hupata joto lisilolingana, na ringi zikigusana ncha zitakwangua ukuta.

Powel Crosley Jr., tajiri wa redio na majokofu wa Cincinnati, alilizindua gari hili mwaka 1939 kwa dola 325. Upana wake ni inchi 48 tu, maana aliliuza pia katika maduka ya vyombo vya nyumbani, na lilitakiwa lipite mlangoni. Hesabu ya kubana gharama ilimfanya aache krosi za propela, yaani viungo vinavyojikunja vya shafti ya kuendesha magurudumu: gia boksi iliungwa na ekseli ya nyuma moja kwa moja kupitia bomba. Mtetemo uliharibu vitu, na 1941 krosi zikawekwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kutafuta ya 1941 au 1942 ukiwa na nafasi ya kuchagua. Ukipata ya zamani zaidi, badilisha raba za kushikilia injini kabla ya kuiwasha hata mara moja.

Breki ni za waya, hazina mafuta. Fungua dramu kwa uangalifu, vumbi la breki za zamani lina asbestosi: lilowanishe, ufute kwa kitambaa, usilipulize kwa kompresa. Waya nilizitoa kwenye maganda, nikazipaka grisi ya grafaiti. Mpangilio una utaratibu wake. Gari likiwa juu ya stendi, legeza waya zote. Rekebisha breki shuu gurudumu kwa gurudumu mpaka ziguse kidogo, kisha uzirudishe nyuma kiasi gurudumu lizunguke huru. Baada ya hapo tu ndipo ukaze waya, ukilinganisha kulia na kushoto. Anayeanza na waya ataona pedali nzuri na gari linalovuta upande mmoja.

Umeme ni volti 6. Kebo za betri za gari la volti 12 hazitoshi, kwa sababu nguvu ileile inahitaji mkondo mara mbili. Niliweka kebo ya milimita 50 za mraba na kusugua sehemu ya ethi (kebo inapofungwa kwenye chuma cha gari) mpaka chuma cheupe. Stata iliyoonekana mbovu ikaanza kuzunguka vizuri.

Mgao wa petroli wa Marekani wa 1942 na kikomo cha maili 35 kwa saa vililifaa gari hili, na hata leo mwendo huo ndio unaoiweka injini salama kwenye joto. Jeshi lilijaribu ndugu yake mdogo, Pup, gari lenye injini ya silinda mbili na uzito wa kama kilo 510, lakini mradi ukaachwa.

Kuhusu vipuri: Crosley za baada ya vita zina injini ya silinda nne inayopozwa na maji, na vipuri vyake vya injini havifai hapa. Muulize muuzaji mwaka wa gari lililotoa kipuri kabla hujalipa.