Mchana Mmoja Changgyeonggung

Nilipokuwa nasoma Seoul, mwalimu wetu wa historia alitupeleka kwenye kasri la Changgyeonggung mchana wa Julai, jua likiwa la utosi. Katika ua wa Munjeongjeon, mojawapo ya majengo ya kasri hilo, alichora mstatili mchangani kwa ncha ya mwavuli. "Kasha la mchele, tukikadiria, lilikuwa hivi." Niliutazama nikajua nisingeweza kunyoosha miguu humo.

Mwaka 1762, Mfalme Yeongjo wa Joseon, ufalme wa Korea wa zamani, alimwamuru mwanawe, Sado, aingie kwenye kasha kama hilo. Sado alikuwa na miaka 27, mrithi wa kiti, na akili yake ilikuwa imeharibika. Alishaua watumishi wa kasri. Lakini kumhukumu kama mhalifu kungemfanya mwana wa Sado kuwa mtoto wa mhalifu, na mtoto huyo ndiye aliyetegemewa kutawala baadaye. Basi ikatafutwa njia ya kumuua isiyoitwa hukumu. Alifia humo, siku ya 8.

Wenzangu waliuliza habari za mfalme. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa mke wa Sado. Bibi Hyegyeong aliozwa kwa Sado akiwa bado binti mdogo. Siku ile alisimama nyuma ya ukuta, akamsikia mumewe akimlilia baba yake amsamehe. Mtoto wao, ambaye hakuwa ametimiza miaka 10, aliingia kumwombea baba kwa babu yake, wakamtoa.

"Mwalimu, huyu mama aliishije baada ya hapo?"

Hakunijibu. Alitupandisha kilimani, mahali palipobaki miti tu. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Jagyeongjeon. Yule mtoto, Jeongjo, alitawazwa mwaka 1776, na mwaka uliofuata akamjengea mama yake jumba hilo, likielekea hekalu la kumkumbuka Sado. Mwalimu alinyoosha mkono upande wa hospitali ya chuo kikuu: hekalu lilikuwa kule. Sijapata kusikia mfalme aliyempa mama yake zawadi nzito kuliko hiyo, mahali pa kumwelekea mumewe kila atokapo nje.

"Aliishi kwa ajili ya mwanawe," mwalimu akasema hatimaye. "Halafu akaandika."

Alianza mwaka 1795, akiwa na miaka 60, kwa ombi la mtoto wa kaka yake. Kisa cha kasha alikisimulia kwa kirefu mwaka 1805, Jeongjo naye akiwa ameshafariki, ili mjukuu wake aliyekuwa mfalme ajue babu yake alikufaje.