Kwa Mkeka au kwa Ndoo?

Mwaka 1995, wiki chache baada ya uchaguzi, nilipanda treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa ameshapiga marufuku siasa behewani hata Morogoro hatujafika. "Tutalala humu siku mbili, sitaki ngumi," alisema. Basi wanaume, kwa kukosa la kubishania, wakaingia ziwani.

Mzee mmoja wa Mwanza alidai Afrika nzima hakuna ziwa kubwa kama Victoria. Kijana wa Kigoma akacheka kwa kebehi: ziwa gani hilo, la kuogelea bata? Kufika Dodoma walikuwa wameshawekeana dau la kreti ya soda, na sauti zimewakauka.

Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita, jiografia naiweza, kwa hiyo nikateuliwa hakimu. Nikahukumu papo hapo, kwa kiburi cha umri ule: Victoria, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, Tanganyika halifiki hata nusu. Kijana akajifunika shuka gubigubi. Hata karanga zangu alizikataa. (Namba zilikuwa sahihi, na nadhani ndiyo maana zilimuudhi zaidi.)

Yule mama, huku akikaza kamba ya kapu lake, akauliza: "Nyie, hilo ziwa mnalipima kwa mkeka au kwa ndoo?"

Tukanyamaza. Kwa mkeka, Victoria limetanda kuliko yote Afrika. Lakini kina chake ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika linazama hadi mita 1,470, na maji yake ni zaidi ya mara tano ya yale ya Victoria. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari langu. Sikuwa nimewauliza tu "kubwa" yao ni ipi.

Shuka likafunuka. "Kwa ndoo nakupa," mzee akasema.

"Na mimi kwa mkeka nakupa, mzee wangu."

Soda kila mtu akajinunulia yake.

Tabora, mabehewa ya Mwanza yalipokuwa yanakatwa, mzee alikimbilia la kwake, kisha akachomoza kichwa dirishani kutangaza kwamba dagaa watamu, hata hivyo, ni wa Mwanza. Mama akainuka, khanga ikamdondoka begani.

"Wale wa mchanga? Wa kulishia kuku?"

Treni yao ilikuwa imeshaanza kuondoka, na bado alikuwa anamjibu.