Siku Moja ya Kugandisha Mbegu za Kambare Kisumu

Saa 12 asubuhi huwa nimefika kwenye kituo chetu cha kutotolesha vifaranga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kwa sababu kambare dume ni lazima ashughulikiwe kabla jua halijakolea. Jike hukamuliwa tumbo akatoa mayai na kurudishwa bwawani akiwa hai. Dume hakamuliki, hivyo ili kupata mbegu zake huchinjwa na korodani zikatolewa. Mfugaji mwenye dume bora humpoteza siku ile ile anapomtumia, na hasara hiyo ndiyo tunayotaka kuipunguza.

Saa 1 ninazipangusa korodani kwa uangalifu mkubwa, kwani mbegu zikiguswa na maji huanza kuogelea na nguvu zake huisha baada ya dakika moja hivi. Ninazikamulia ndani ya mchanganyiko wa chumvi uliopimwa ili zibaki zimetulia. Tone moja hutiwa maji chini ya hadubini: ikiwa nyingi hazisogei, sizigandishi, maana kugandisha hakujapata kuiponya mbegu dhaifu.

Saa 2 ndipo kazi yenyewe inapoanza. Adui si baridi, ni barafu. Mbegu zikipozwa haraka mno, maji yaliyomo ndani ya seli huganda kabla ya kutoka na kuipasua. Zikipozwa polepole mno, seli hukauka na kuungua kwa chumvi. Kwa hiyo tunaongeza kinga kama methanoli, kwa kiasi cha asilimia 10, kisha tunajaza mirija myembamba bila kukawia, kwa kuwa kinga hiyo nayo ni sumu ikikaa na mbegu katika joto. Mirija huelea juu ya fremu sentimita chache kutoka kwenye nitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, ikapozwa na mvuke kwa dakika kadhaa, ndipo inapozamishwa katika nyuzi 196 chini ya sifuri. Madirisha yote huwa wazi, kwani lita moja ya nitrojeni hufuka ikawa takriban lita 700 za gesi, nayo hufukuza hewa chumbani.

Saa 4 tunamkamua jike aliyedungwa homoni jana usiku. Mrija wa akiba huyeyushwa kwa sekunde chache katika maji ya nyuzi 40, mbegu zake zikamwagwa juu ya fungu moja la mayai, na fungu la pili likapewa mbegu mbichi ili tulinganishe. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au zaidi kidogo, kulingana na joto la maji.

Wakati wa chakula cha mchana mwanafunzi aliye mafunzoni aliniuliza, "Mwalimu, mbona tusigandishe vifaranga wenyewe?" Ni swali zuri. Watafiti wa Nyuzilandi na kwingineko wamegandisha chaza wakiwa bado lava, yaani watoto wachanga wasiofanana bado na wakubwa, kwa kuwa lava ni mdogo sana na kinga humwingia upesi, ingawa wengi wa wanaoyeyushwa hukua kwa shida. Kiinitete cha samaki ni kikubwa, kimejaa kiini cha yai na kimefungwa ndani ya ngozi zisizopitisha kinga vizuri, kwa hiyo njia zetu za kawaida hazikiwezi. Tunahifadhi upande wa baba tu, na jike ni lazima tumpate akiwa hai.

Jambo hilo ndilo linalonihuzunisha ninapomfikiria ningu, samaki aliyepanda mito ya Nzoia, Nyando na Sondu wakati wa mvua na kunaswa midomoni mwa mito akielekea kutaga. Mbegu zake zinafaa kuwekwa sasa, majike wangali wanapatikana.

Saa 9 ninapima nitrojeni iliyobaki katika mtungi na kuuongeza, kwani ikikauka kila kitu kimekufa. Hadi saa 11 jioni nimeandika kila mrija: tarehe, dume, mto au bwawa alikotoka, na jinsi mbegu zilivyoogelea kabla ya kugandishwa. Mrija usio na maandishi hayo siupeleki kwa mfugaji yeyote.