Daktari Aliyeachwa Nje ya Filamu

Mwaka 2015 nilikuwa Tanga kwa shangazi, na Jumamosi moja usiku tukaketi kutazama The Best of Me. Riwaya yake, ya mwaka 2011, nilishamsimulia sura kwa sura, jioni baada ya jioni, yeye akichambua mchele, maana kitabu ni cha Kiingereza. Filamu ilitoka Marekani Oktoba 2014. Sisi tuliipata kwenye DVD moja iliyosongamana filamu 8.

Shangazi alikuwa akimngoja daktari.

Kwenye riwaya, Dawson Cole, kijana wa ukoo wa wahalifu katika mji mdogo wa Oriental, North Carolina, anamgonga kwa gari daktari David Bonner, na daktari anafariki. Dawson anafungwa. Akitoka, anaitumia familia ya marehemu pesa kwa siri, mwaka hadi mwaka. Mzee Tuck aliyemhifadhi ujanani anapofariki, anarudi na kumkuta Amanda, mpenzi wake wa zamani, sasa mke wa mtu. Mwisho anaingia baa kumwokoa mtoto wa daktari yule yule, na hapo anapigwa risasi. Moyo wake anapandikizwa Jared, mtoto wa Amanda. Ni jambo gumu kuliamini, lakini unalikubali, kwa sababu mtu huyu amekuwa akilipa deni kitabu kizima, na hiyo baa ndiyo malipo ya mwisho.

Filamu inaanza na mlipuko kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini. Dawson anarushwa majini na kunusurika. Shangazi akasema papo hapo, "Huyu kabakizwa kwa kazi." Hadithi ilikuwa haijaanza, na siri imeshatoka.

Kisha ikaja tabu ya sura. James Marsden anamwigiza Dawson mtu mzima, Luke Bracey anamwigiza kijana, na wawili hawa hawafanani taya wala umbo. Kijana ndiye mwenye mwili mkubwa zaidi. Filamu inaruka miaka 21 mbele na nyuma kila mara, kwa hiyo kila ikiruka unatumia sekunde kadhaa kumtambua mtu badala ya kumhurumia. Shangazi aliuliza mara mbili, "Huyu nani tena?" Gerald McRaney, aliyemwigiza Tuck, ndiye pekee aliyemtuliza.

Ikafika purukushani ya bunduki kati ya Dawson na baba yake: risasi inatoka, anakufa binamu yake Bobby. Dawson akapelekwa jela. Shangazi akanishika mkono. "Na daktari?"

Nikasimamisha kwa rimoti. Nikamweleza kwamba ukurasa mmoja wa mswada wa filamu ni kama dakika moja, kwa hiyo filamu ya saa 2 ina kurasa 120 hivi, na riwaya nzima haienei humo. Lazima ukate. Kukata mandhari si kosa. Waliuhamishia mji Louisiana na hakuna kilichoharibika. Lakini ukimkata daktari, umekata mjane wake, pesa za siri, na yule mtoto wa baa. Dawson habaki na deni kwa mtu yeyote. Sasa atakufa kwa sababu gani? Ikabidi auawe na baba yake mwenyewe, jitu baya tulilolijua tangu mwanzo, na tangu mwanzo tulijua litafanya nini.

Nikabonyeza, picha ikaendelea. Jared akapata ajali ya gari. Kabla hospitali haijasema lolote, shangazi akasema, "Moyo." Akanyoosha kanga miguuni, akatazama hadi mwisho bila neno. Inauma kuona machozi ya waigizaji yakimiminika na wewe huna hata tone, na hadithi ile ile ilishakuliza ukiwa na ungo mapajani.

Nilipozima, aliniambia nimsimulie tena pale Dawson anapomwona yule mtu wa nywele nyeusi kwa mbali, kabla hajajua kuwa ni mzuka wa daktari.