Kioo cha kuzungusha

Leo nimepanda kirikuu, kile kipikapu cha mizigo, kutoka Ilala hadi Tabata, nyuma magunia manne ya viazi ya mama. Gari langu liko kwa fundi wiki ya pili sasa, kisa mota ya kioo cha dereva. Kioo tu!

Mvua ikatukuta Buguruni.

Mzee dereva akashika kishikio cha kioo, akazungusha mara tano, kioo kikafunga.

Kile kishikio nimekitazama mpaka tunafika. Plastiki imelainika kwa miaka ya kushikwa, inang'aa kama kete ya bao.

Nikamsimulia kuhusu Slate ya Marekani, pikapu ya umeme iliyotangazwa 2025: milango miwili, viti viwili, vioo vya kuzungusha, haina redio wala skrini kubwa, hata rangi haikupakwa.

Akauliza jambo moja tu: "Inabeba?"

Zaidi ya kilo 600, mzee wangu.

"Basi hilo ndilo gari, mwanangu."

Namwelewa kabisa. Mota ambayo haipo haikupeleki gereji.

Mnaotafuta riziki kwa pikapu, ninyi mngelichukua? Niambieni, nauliza kwa dhati.