Mpwa Wangu Anajifunza Kutembea

Tanga, Jumamosi usiku

Mpwa wangu ametimiza miaka minne mwezi huu, na tangu masika yaishe anaweza kutoka mlangoni mwa chumba cha mama yake hadi kwenye kochi la sebuleni bila kushika kitu chochote. Hutembea miguu ikiwa imepanuka na mikono ikiwa imetandazwa pembeni, mfano wa ngalawa inayosimama majini kwa mirengu yake, na akifika hugeuka kututazama sote kabla ya kukaa. Naandika haya kwa sababu dada yangu, ambaye ndiye aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi, hana nafasi ya kuandika, na kwa sababu wazazi anaokaa nao kwenye benchi la kliniki humwuliza maswali yale yale kila wanapokutana: mnamshikaje, mnamwachia wakati gani, na akianguka mnafanya nini.

Daktari alitueleza kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo, wa ile aina inayovuruga mizani ya mwili, ambayo ni nadra kuliko aina nyingine. Misuli yake haikukakamaa kama ya wengi tunaokutana nao kliniki. Ukimbeba mgongoni utasema hana tatizo lolote. Hitilafu iko kwenye ubongo mdogo, ile sehemu iliyojificha kisogoni, ambayo uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ubongo wote lakini ndani yake mna zaidi ya nusu ya seli zote za neva za ubongo. Mwili wa binadamu hujua umekaaje kwa habari zinazotoka pande tatu: kwenye macho, kwenye mifereji mitatu yenye majimaji iliyomo ndani ya kila sikio, na kwenye nyayo, viungo na misuli. Ubongo mdogo hulinganisha habari hizo na kurekebisha mkao wetu bila sisi kujua. Kwa mpwa wangu marekebisho hayo huchelewa, na yakifika huwa yamepita kiasi, kwa hiyo akielemea kushoto hujirudisha kwa nguvu nyingi mno hadi akaelemea kulia, na kila anapojaribu kutulia ndipo kuyumba kunapozidi.

Jambo hilo lilinisaidia kuelewa kwa nini umeme ukikatika usiku yeye husimama pale pale alipo na kuita. Macho yake humfidia kwa kiasi kikubwa, na giza likiingia anakuwa amenyang'anywa tegemeo analoliamini kuliko mengine. Siku hizi kila chumba kina taa ndogo ya betri, na samani hazihamishwi ovyo.

Somo kubwa tulilopewa na mtaalamu wa fiziotherapia lilihusu mahali pa kuweka mikono yetu. Sote tunajua namna watoto wanavyofundishwa kwenda tata: mtu mzima husimama nyuma, akamshika mtoto viganja vyote viwili na kuvinyanyua juu ya kichwa chake, kisha wakaenda pamoja huku watu wakishangilia. Kwa mtoto wa kawaida hakuna ubaya, kwa kuwa atajifunza kwa vyovyote vile. Lakini mtoto mwenye tatizo la mizani akinyanyuliwa mikono huning'inia. Uzito wake huhamia mikononi mwa aliyemshika, kifua hutangulia mbele, miguu hufuata ikiburuzwa, na kazi yote ya kutafuta wima hufanywa na mtu mzima. Anaweza kutembezwa hivyo mwaka mzima, na siku akiachiwa akawa hajui chochote.

Kwa hiyo mtaalamu alimwonyesha dada amshike nyongani, kwa vidole vilivyo wazi, mikono ya mtoto ikiwa huru kujitandaza. Baadaye ikawa kanga iliyofungwa kifuani chini ya makwapa, ncha zake zikiwa nyuma mkononi mwa mama, ikilegezwa kiasi kwamba mtoto haihisi mpaka pale anapoanguka kweli. Na kati ya kuyumba na kukaza kanga, mama alitakiwa asubiri. Muda wenyewe ni mfupi mno, lakini kwa mzazi ni mrefu sana, na sijamwona dada akifanya jambo gumu kuliko hilo. Mtoto akiyumba mkono wa mama hutaka kwenda wenyewe. Hata hivyo ni katika kuyumba huko ndiko ubongo wake unakopata nafasi ya kujaribu kujirekebisha, na ukimdaka mapema umemnyima jaribio. Nikiulizwa ni nini hasa kilichompa mpwa wangu miguu, nitataja kusubiri huko kabla ya kitu kingine chochote.

Baharini ndiko tulikopata mahali pazuri pa kusubiri bila hofu. Tunakwenda Raskazone asubuhi mapema kabla jua halijachoma, na tunaangalia kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Mtoto akisimama kwenye maji yanayomfika kifuani uzito unaobebwa na miguu yake hupungua sana, na hilo kila mtu analitarajia. Faida iliyo kubwa zaidi kwa mtoto wa aina yake ni kwamba maji humcheleweshea kuanguka. Nchi kavu mwili ukishapoteza mizani huwa umefika chini kabla ubongo haujamaliza kutoa amri. Majini huelemea polepole, na yale marekebisho yanayochelewa humkuta bado yu wima. Maji vilevile huzuia mwendo wa ghafula, kwa hiyo anapojirudisha kwa nguvu kupita kiasi hukutana na ukinzani unaomtuliza. Mara ya kwanza alipoyumba, akajirudisha na kubaki amesimama bila mtu kumgusa, ilikuwa humo majini, mama yake akiwa amepiga magoti mbele yake na mimi nikiwa nyuma. Dada alilia. Mtoto alidhani amemkosea, tukawa na kazi ya kumbembeleza.

Maji yanavyozidi kutoka tunashuka nayo kwa hatua: kifuani, kiunoni, magotini, kisha kwenye mchanga ulioloa ambao ni mgumu na sawasawa. Siku za bamvua ndizo bora kwa kuwa ufuo hubaki wazi kwa eneo kubwa. Mchanga mkavu wa juu tunauacha wa mwisho, maana huzama chini ya nyayo na humchosha upesi. Huko huenda pekupeku, kwa kuwa nyayo zake zinahitaji kusikia ardhi. Mjini huvaa viatu vinavyobana kisigino na kufunika vifundo. Sharti letu moja halibadiliki: mtu mzima awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono muda wote anapokuwa majini, hata yakiwa ya magotini, na mahali penye mawe na viumbe vyenye miba hatumpeleki.

Nyumbani fundi alitusimikia mianzi miwili sambamba uani, kimo chake kikiwa usawa wa nyonga za mtoto ili viwiko vyake vikunjike kidogo anaposhika. Aliambaa humo, kwanza akiikamata mianzi yote miwili, kisha mmoja, kisha akiigusa tu kwa ncha za vidole. Nilishangaa kuona kwamba kugusa peke yake kulimtosha. Kidole kilicholala juu ya mwanzi hakibebi uzito wowote, lakini kinampa habari ya ziada kuhusu mahali alipo, na mizani yake ikatulia.

Fundi huyo huyo alitengeneza kigari cha mbao cha kusukuma, nasi tukaweka mfuko wa mchanga chini yake, kwa sababu kigari chepesi humkimbia mtoto au humpindukia.

Jirani yetu mmoja, kwa wema wake, alituletea kile kigari cha plastiki chenye kiti katikati na magurudumu pande zote, ambacho watoto wengi hapa mjini hukalishwa. Dada alikipokea kwa shukrani na kukiweka ghalani. Humo mtoto huketi na kusukuma kwa ncha za vidole vya miguu, hajifunzi kusimama wima wala kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na hatari yake kwenye ngazi na karibu na jiko ni kubwa kiasi kwamba Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Natamani wazazi wengi zaidi wangeambiwa hivyo kabla hawajatoa fedha zao.

Mama yetu, yaani bibi wa mtoto, alikuwa na rai yake: mtoto achimbiwe shimo mchangani, asimamishwe na kufukiwa hadi magotini, kama alivyoona wakifanyiwa watoto alipokuwa msichana. Mtaalamu hakuidharau. Alimwambia, "Bibi, kwa kuizoeza miguu ibebe mwili, dakika chache zinafaa, lakini mchanga ukimshika, yeye hana haja ya kujishika." Bibi akaridhika, na tangu hapo yeye ndiye anayehesabu muda wa mazoezi kwa tasbihi yake.

Ugomvi wa kweli na bibi ulikuwa juu ya kuanguka. Mtaalamu alisisitiza kwamba mtoto huyu ataanguka maisha yake yote kuliko wenzake, kwa hiyo afundishwe kuanguka kama anavyofundishwa kutembea: akunje magoti, atangulize viganja, ageuze uso pembeni, kisha ajiviringishe, apige magoti, atangulize mguu mmoja na kuinuka. Tulitandika magodoro mawili na kuyafanya mazoezi hayo kuwa mchezo. Bibi hakuweza kutazama. Alituona tunamtesa mtoto kwa makusudi, akawa anaondoka kwenda kwa jirani. Sikumlaumu, na bado simlaumu. Lakini mtoto alipoanguka barabarani mbele yake, akatanguliza viganja na kuinuka mwenyewe kabla bibi hajamfikia, bibi alirudi nyumbani akatusimulia kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Kofia ya sponji aliyoshonewa na dada mtoto haivai tena ndani ya nyumba, ila anapokwenda kwenye sakafu ya saruji au kwenye mawe.

Kuna hesabu za miezi na miaka ambazo zilimsumbua dada sana. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wenye afya katika Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, vinaonyesha kwamba karibu watoto wote huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 18 hivi. Mpwa wangu alipofika umri huo alikuwa bado hawezi kusimama dede. Kisha dada akasoma juu ya utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002, unaoeleza kwamba watoto wenye mtindio wa ubongo hufikia sehemu kubwa ya uwezo wao wa mwendo wanapokaribia miaka mitano, au hata kabla. Kwa majuma kadhaa akawa anamfanyisha mtoto mazoezi asubuhi, mchana na usiku, mpaka wote wawili wakawa hoi. Nilimwambia, "Dada, hiyo ni sababu ya kuanza mapema, haisemi kwamba ataacha kujifunza siku ya kutimiza miaka mitano." Mtaalamu alimwambia maneno yanayofanana na hayo, akaongeza kwamba uchovu huzidisha kuyumba, na kwamba vipindi vifupi vilivyochanganyika na shughuli za nyumbani, kama kupeleka kikombe jikoni au kumpa bibi msala wake, humjenga mtoto kuliko saa nzima ya amri. Sasa anapeleka vikombe. Vile vya udongo tumevipandisha kabatini.

Januari ataanza shule ya awali. Darasani hatuna shaka sana, kwa kuwa ataketi karibu na mlango, na mwalimu amekubali kumruhusu atoke dakika chache kabla ya wenzake ili asisukumwe kwenye ngazi. Shaka yetu iko chooni. Choo cha shule ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kisha kuinuka ni mtihani mgumu kwake kuliko kutembea, maana nyayo haziruhusiwi kupanuka zaidi ya ukubwa wa tundu, macho hutazama chini, na mikono huwa na shughuli nyingine. Mwalimu mkuu amekubali tufunge mabomba mawili ya chuma ukutani kwa gharama yetu, akasema watakaofaidika ni wengi. Leo tumempima mpwa wangu uani akiwa amechuchumaa kati ya matofali mawili: bomba la ulalo litakuwa usawa wa kifua chake, na la wima litakuwa upande wa kulia, aweze kujivutia nalo anapoinuka. Fundi atakwenda Jumatano, saa za jioni, watoto wakishaondoka, na dada atakwenda naye kuhakikisha vipimo.